Mdogo wangu anataka kusomea volkano, nimruhusu au nimzuie?

"Habari Daktari. Mimi nina duka la vipodozi Kariakoo, ndo nimemsomesha mdogo wangu wa kike tangu mzee wetu afariki. Kamaliza fom siksi kombi ya PGM (fizikia, jiografia na hesabu) na kafaulu vizuri. Mi nilishajipanga asome uhasibu, sasa kaniambia anataka jiolojia eti aje kuwa mtaalam wa volkano. Kanionyesha klipu ya mume na mke Wafaransa wanatembea pembeni ya moto, nikatafuta habari zao nikakuta walikufa mlimani wote wawili siku moja. Mama analia. Alafu Dar hapa hamna volkano hata moja, atafanyia wapi kazi? Na kwa msichana inawezekana kweli, au nimzuie mapema kabla sijatoa ada?"

Kaka yangu, kwanza hongera. Kusomesha mdogo mpaka fom siksi kwa hela ya duka, na biashara ya Kariakoo ilivyo, si mchezo, kwahiyo una haki ya kuuliza kabla hujatoa ada. Umeuliza mengi ila nikikusoma vizuri naona unaogopa mambo mawili, kumzika, na kumsomesha alafu akae mtaani. La kwanza ni dogo kuliko unavyodhani. La pili ni kubwa kuliko mdogo wako anavyodhani.

Nianze na kifo maana mama hawezi kusikia kingine kabla ya hicho. Hao Wafaransa ni Katia na Maurice Krafft. Walikufa Juni 3, 1991 kwenye mlima Unzen kule Japani pamoja na Mmarekani mmoja, Harry Glicken, na siku hiyo walikufa watu 43 kwa jumla. Sasa angalia hao 43 ni akina nani, kuna waandishi wa habari, zimamoto, mpaka madereva teksi waliowapeleka waandishi. Wataalam wa volkano walikuwa hao watatu. Na hawakuuawa na ule moto mwekundu wa kwenye klipu. Watu wanadhani kinachoua ni lava, mto mwekundu unakuja unakumeza, wakati lava nyingi unaweza kuikwepa kwa miguu yako.

Ngoja nikupeleke jikoni. Uji mwepesi ukichemka, mapovu yanapanda yanapasuka juu taratibu, unakaa nao karibu na mwiko wako huna wasiwasi. Ugali ukianza kushika ni habari nyingine, mvuke unakosa pa kutokea, unajikusanya chini, alafu paa, tonge linaruka linakubabua mkono. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi, ndo hivyo hivyo, gesi imo ndani yake tangu chini, ikiwa nyepesi gesi inatoka na lava inatiririka, ikiwa nzito gesi inabanwa mpaka kitu kinapasuka. Unzen ni ugali. Lava yake ilikuwa nzito kiasi kwamba haitiririki, inajirundika juu kama kichuguu, kichuguu kikizidi kinaporomoka, na kikiporomoka kinaachia wingu la gesi na majivu yenye joto la mamia ya nyuzi, linashuka mlima kwa kasi ya gari. Hapo hata boda iwe imewashwa inakusubiri hutoboi. Na walikuwa ndani ya eneo ambalo watu walishaambiwa waondoke.

Kuna kitu klipu haikukuonyesha. Maurice alikuwa ametengeneza video ya kuonyesha watu wa kawaida volkano inaua vipi, mawingu kama hayo, matope, majivu kuangusha mapaa, na video hiyo ilionyeshwa Ufilipino kwa viongozi na wananchi waliokuwa wanabisha kuhusu mlima Pinatubo. Pinatubo ukalipuka vibaya Juni 15, 1991, siku 12 tu baada ya yeye kufa, na makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameshahamishwa. Na huyu huyu Maurice alishafika kwetu. Mwaka 1988 alikuwa juu ya Ol Doinyo Lengai, volkano yetu ya kaskazini, na mwenzake Mjerumani wanapima joto la lava, wakakuta ni kama nyuzi 500 na kidogo, wakati lava ya Hawaii inapita 1,100.

Simdanganyi mama kwamba kazi haina hatari. Januari 1993 kule Colombia mlima Galeras ulilipuka wanasayansi wakiwa kwenye kreta, lile shimo la juu ya volkano, wakafa sita, na watalii watatu. Baada ya mambo kama hayo fani ikaandikiana miongozo, kofia ngumu, barakoa ya gesi, hamkai wengi mahali pamoja, na hamkai muda mrefu. Ila mimi, kwa miaka yangu yote kwenye kazi hii ya volkano, kitu kilichonitisha zaidi kuliko volkano yoyote ni basi la usiku kutoka Arusha na dereva anayepitisha lori kwenye kona.

Sasa hili la Dar kutokuwa na volkano. Ni kweli, sisi tumekalia mchanga na matumbawe. Usiku wa Agosti 12, 2020 tetemeko lilipotokea baharini na watu wa maghorofani wakashuka ngazi na taulo, simu yangu ililia mpaka saa sita, watu wananiuliza kama kuna volkano inatokea Kigamboni. Hamna, ulikuwa ufa wa chini ya bahari. Lakini kazi ya volkano sehemu kubwa haifanyiki kwenye volkano. Mimi mwaka mzima nikijaliwa nafika mlimani wiki tatu, nne. Siku zilizobaki niko Sinza kwenye meza ya kulia chakula, feni inazunguka, nafungua picha za satelaiti. Kuna za Ulaya, Sentinel-1, ni za bure, kinachokugharimu ni bando tu. Unachukua mbili za mlima ule ule za siku tofauti, unaziweka pamoja, kama mlima umevimba unaona miduara ya rangi rangi, kama ile ya oili ya gari ikimwagika kwenye dimbwi pale Msimbazi mvua ikinyesha. Kila mzunguko mmoja wa rangi ni ardhi imesogea kama sentimita 2.8. Sentimita mbili na ushee, kaka, zinaonekana kutoka angani, na mimi nimevaa kanga.

Na nchi yenyewe ina volkano za kutosha tu. Lengai upo hai, ndo mlima pekee duniani unaotoa lava ya aina yake kwa sasa. Meru ulitema mara ya mwisho 1910. Huku Mbeya kuna Rungwe, Ngozi, na Kyejo ambao ulimwaga lava kwenye miaka ya 1800 hivi. Kilimanjaro shuleni tulifundishwa umelala, sawa, ila Kibo kule juu bado inatoa gesi ya salfa, ukipita inakukaba koo. Mkoa wa Tabora kuna vilima vidogo vya Igwisi ambavyo wasafiri wengi hawajawahi kuvisikia, ni volkano za aina ile ile inayoleta almasi, na kwa aina yake ndo changa kuliko zote duniani, zina kama miaka 12,000 tu. Yale mafungu ya shuleni ya hai, iliyolala, iliyokufa ni ya kufaulia mtihani, mlima wenyewe hausomi silabasi.

Watu wananiuliza pia kama tunatabiri. Hatutabiri kama mganga, sisi tupo kama mkunga, tarehe hatukupi ila dalili tunazijua. Julai 2007 matetemeko yalianza kaskazini karibu na mlima Gelai, la tarehe 17 lilifika 5.9, mpaka Nairobi watu wakatoka nje ya maofisi. Ilikuwa magma inajipenyeza chini kwa chini, jirani kabisa na Lengai. Septemba Lengai wenyewe ukalipuka, na ikaendelea hivyo mpaka 2008. Siku hizi kuna vituo vya GPS vimezunguka mlima huo, Chuo Kikuu Ardhi cha hapa hapa Dar kikiwemo kwenye mradi, kwahiyo ukijivimbisha tu unaonekana. Hatari kubwa ninayoiona mimi sio mtaalam kuwa karibu na mlima, ni mlima kukosa mtu wa kuuangalia. Mei 22, 2021 mlima Nyiragongo kule Kongo ulipomwaga lava kuelekea mji wa Goma, kituo kinachouangalia kilikuwa kimetoka kupitia miezi ya kukosa hela ya intaneti ya kuvuta data za vyombo vyake.

Mdogo wako anachokiona kwenye klipu ni dakika tatu nzuri. Nikwambie ya kwangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla mlipuko wa 2007 haujachimba shimo lililoko sasa, uliweza kutembea kwenye sakafu ya kreta ya Lengai. Tulianza kupanda saa tano usiku kutokea Engare Sero ili jua likichomoza tuwe juu, mwinuko mkali, unapanda kwa mikono na miguu, majivu yanaingia mpaka kwenye soksi. Kumekucha nikaona lava kwa mara ya kwanza maishani, nikavunjika moyo. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi, nyepesi kama oili chafu, inapita inalia kama maji yanamiminwa kwenye ndoo. Nikachota kwa kijiko kirefu cha chuma, ikapoa, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni wa kawaida nikiwa najiona profesa. Siku kadhaa baadaye naufungua Dar, nakuta unga mweupe, kama chokaa ya kupaka ukuta. Ile lava ni ya magadi, na madini yake mojawapo yanaitwa nyerereite, yamepewa jina la Mwalimu kabisa, sasa yanakunywa unyevu wa hewani yanageuka kuwa kitu kingine, na unyevu wa Dar unaujua. Wenzangu wakanitania kwamba Mwalimu alishasema tuhamie Dodoma. Msimamizi wangu hakusema kitu, akafungua kabati akatoa kichupa cha kwake cha safari ile ile, mfuniko umezibwa kwa nta, sampuli ndani nyeusi ti. Safari nzima, hela, mgongo, usingizi, vyote vikaishia kwenye unga kwa sababu ya kifuniko. Kazi ndo iko hapo, kwenye vifuniko, lebo, kuandika saa na mahali, na kurudia tena mwakani.

Kuhusu usichana wake nitakujibu kama mwanamke niliyepita. Inawezekana, Katia mwenyewe alikuwa mwanakemia na vipimo vya gesi ndo ilikuwa kazi yake. Mlima hauchagui. Binadamu ndo wanachosha. Sikumbuki mara ngapi nimefika getini nikaulizwa kama mi ndo mpishi wa msafara. Hedhi unapanga kama unavyopanga maji na betri, unazoea. Ila kuna jambo moja sitaki ulipite juu juu, kambini awe na hema lake, na akikuta msimamizi au mwenzake anamsumbua asinyamaze kwa kuogopa alama, aripoti dawati la jinsia chuoni au polisi, na wewe kaka ajue mapema kwamba anaweza kukupigia hata saa nane usiku bila kugombezwa. Hiyo ni kazi yako kuliko hata ada.

Haya, ajira, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tangazo limeandikwa anatafutwa mtaalam wa volkano, Tanzania usilingojee. Nafasi zenye jina hilo ni za kuhesabu kwa vidole, wahadhiri wachache, watafiti wachache wa Taasisi ya Jiolojia kule Dodoma. Mtu wa volkano hapa anaajiriwa kwa jina la mjiolojia. Na mjiolojia aliyeielewa volkano ana milango ambayo wenzake hawaioni. Jotoardhi kwa mfano, yaani kuchimba mvuke uliopashwa na magma ukazungusha mitambo ya umeme, Wakenya pale Olkaria wanazalisha tangu 1981, sisi tuna kampuni ya serikali inayoutafuta mvuke huo kule Ngozi. Almasi ya Mwadui imo ndani ya bomba la volkano ya kale. Ngualla na Panda Hill huko Songwe na Mbeya, kwenye madini adimu na niobi, miamba yake ni ndugu kabisa wa lava ya Lengai. Viwanda vya saruji vinatafuta majivu ya volkano ya kuchanganyia. Na maji, yale meno ya kahawia unayoyaona kwa watu wa Arusha na Meru ni floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano kuingia visimani, kuna watu kazi yao ni kujua kisima kichimbwe wapi ili watoto wasiharibike meno na mifupa.

Ila migodi ni mikataba. Bei ya madini ikishuka, watu wa utafutaji ndo wanapunguzwa kwanza. Mimi baada ya digrii nilikaa nyumbani karibu miaka miwili, nikaja kupata kazi ya kukaa kambini naandika miamba inayotoka kwenye uchorongaji, mita kwa mita, jua la porini, na mwenye kazi (simtaji) akanikopa mshahara wa miezi miwili mpaka leo. Volkano nilirudi kuigusa nikiwa na miaka 29. Digrii ni miaka mitatu au minne kutegemea programu, masta miwili, PhD minne kama mambo hayakwami, na hukwama. Mdogo wako ajue hilo sasa, asije akalijua ana miaka 26 wenzake wa uhasibu wameshanunua viwanja.

Kwahiyo ningekuwa wewe? Ningemruhusu, ila asome jiolojia kwa upana, sio volkano peke yake. Uhasibu sio kazi mbaya, lakini mtu wa PGM aliyefaulu na anajua anachotaka ukimlazimisha huko atakusomea kwa hasira. Mwache aingie, aweke nguvu kwenye hesabu, kuandika programu za kompyuta, ramani za kidijitali na kuandika Kiingereza kilichonyooka, maana hivyo vinne vinaajirika hata milima yote ikizimika kesho. Mwaka wa pili mkae naye, akiwa bado anataka mlima baada ya kuona fildi ya kweli ilivyo na jua na siafu, basi ni wake. Masta na PhD za fani hii mara nyingi zinalipwa na ufadhili, Commonwealth, DAAD ya Wajerumani, na kwa jotoardhi kuna mafunzo ya miezi sita kule Iceland yaliyoanza 1979 ambayo Waafrika Mashariki wengi wamepitia. Maana yake ada yako ni ya digrii ya kwanza. Akija wakala anakwambia ulipie mamilioni masta ya volkano nje, usimpe hata nauli, nenda kwanza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ukaulize kama chuo hicho kinatambulika.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa kuandika. PGM haina kemia, na programu nyingine zinaangalia kemia, kwahiyo kabla hajajaza maombi asome vigezo vya kila chuo kwenye mwongozo wa TCU, alafu aende mwenyewe Mlimani na aulizie UDOM pia, au maonesho ya vyuo pale Mnazi Mmoja, hapo ni dakika kumi kwa mguu kutoka dukani kwako, funga saa moja uende naye. Mkopo wa Bodi aombe hata kama una uwezo wa ada. Na kama ana pumu, akamwone daktari wa kifua kabla ya fildi, gesi ya salfa na pumu haviendani, ingawa jiolojia nyingi inafanyika mbali kabisa na gesi hiyo kwahiyo asikate tamaa.

Alafu fanya kitu kimoja. Dukani kwako najua una jiwe la kusugulia miguu. Lile la asili, sio la kiwandani, ni povu la lava lililoganda, Krakatau ulipolipuka 1883 kule Indonesia mawe kama hayo yalielea yakavuka Bahari ya Hindi mpaka pwani yetu hii. Mpe moja na beseni la maji, usimweleze kitu, mwulize tu kwa nini jiwe linaelea na kwa nini likikaa sana majini linazama. Akikujibu kutoka kwenye simu ndani ya dakika mbili, sawa, ni mtoto wa siku hizi. Ukimkuta kesho yake amechukua mizani ya dukani analipima likiwa kavu na likiwa limelowa, niandikie tena tupange Jumamosi moja mje Sinza aone makabati yangu. Kile kichupa msimamizi wangu aliniachia alipostaafu, ninacho mpaka leo, na sampuli bado nyeusi.